Miaka Ishirini na Tisa Kando ya Shuka: Tunamuaga Bi Thuwaiba Wakil

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi Thuwaiba Wakil Mkubwa anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Filamu za Chakula, hapa Mkunazini, kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Aliingia kazini Februari 1996, wakati kituo kina televisheni moja, jenereta moja na shuka la bafta la kuoneshea picha. Anaondoka na kituo kina projekta tatu na gari, na shuka bado ni la bafta.

Ofisi imenitaka mimi, Salhiya, niandike ukurasa huu kwa sababu nimefanya kazi naye karibu miaka minne. Nilikuja hapa kufagia na kupika chai, na yeye ndiye aliyenifundisha kufunga nyaya na kuandika ripoti. Nimeambiwa niandike mazuri tu. Nimekubali, maana mazuri yake ni mengi. Lakini baadhi ya mazuri hayo ndiyo yaliyomponza, na mimi siwezi kuyaruka kama mtu anayeruka dimbwi.

Kwa wasiojua, kazi ya Bi Thuwaiba ni msimulizi. Filamu zetu za makala zinatoka nje, zinaeleza chakula kinavyolimwa na kinavyotengenezwa viwandani, na nyingi zinasema kwa lugha za huko zilikotoka. Yeye huitazama filamu mara tatu peke yake, daftari mkononi, kisha tukifika shamba, vijijini huko, husimama kando ya shuka na kuisimulia kwa Kiswahili huku picha zinakwenda. Mkulima humpa sauti yake, daktari sauti yake. Mwenye kiwanda siku zote alimpa sauti ya mtu aliyeshiba, anayesema polepole na kupumua kwa tabu. Watoto walikuwa wanaisubiri hiyo. Filamu ikisha, huweka kipaza sauti chini na kusema, “Haya, niulizeni.” Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Hakuwa malaika, na mwenyewe hupenda kulisimulia kosa lake kubwa. Mwaka 2003 alipeleka Kizimkazi filamu ya viwanda vya kuku: kuku maelfu kwa maelfu chumba kimoja, hawajui jua, miguu haiwabebi. Aliisimulia vizuri mno. Asichokijua ni kwamba kesho yake kulikuwa na harusi, na mama wa bibi harusi ameshanunua kuku wa barafu makatoni kwa makatoni. Watu walikula wali, kuku wakawasukumia pembeni mwa sinia. Asubuhi ya pili yule mama, Bi Kazija, aliteremka mjini na sufuria la kuku kichwani, akalitua juu ya meza ya mkurugenzi. “Mleteni huyo mwenye mdomo,” alisema, “aje amalize alichokianza!” Bi Thuwaiba alikula mapaja mawili mbele yake. Kisha alirudi naye Kizimkazi, akapita nyumba hadi nyumba kuomba radhi. Tangu siku hiyo hakuonesha filamu mahali kabla ya kuuliza kama pana shughuli, na Bi Kazija akawa shoga yake mpaka leo.

Wako wanaosema Bi Thuwaiba alikuwa adui wa makampuni. Hilo si kweli, na linanikera. Mwaka 2014 vijana wa jumuiya moja walileta filamu inayopinga mahindi yaliyobadilishwa vinasaba, yaani mbegu ambayo wataalamu wameingia ndani yake wakageuza tabia yake. Filamu ilisema mtu akiyala mahindi hayo atapata maradhi, ikaonesha wagonjwa wamelala vitandani. Bi Thuwaiba aliwaandikia wataalamu wa kilimo na walimu wa chuo kikuu kuuliza ushahidi uko wapi. Alipofika Pete, jirani na msitu wa Jozani, aliisimulia filamu yote bila kupunguza, kisha akawaambia watu, “Filamu imesema mahindi haya yanatia maradhi. Mimi nimetafuta, sijapata aliyenionesha mgonjwa wa kweli. Lakini imesema pia kwamba mbegu ina mwenyewe, na ukitaka kuipanda tena lazima umuulize mwenyewe. Hilo nimelipata kwenye mikataba. Lijadilini hilo.”

Wakajadili. Mkulima mmoja, Mzee Kheir, alisimama na kuuliza kama wataalamu hao wameshatengeneza mahindi ambayo kima punju wa msituni hawayapendi. “Kama wanayo, Bi Thuwaiba, wambie walete kesho asubuhi. Mwenyewe wa mbegu tutamjua mbele ya safari!” Watu walicheka mpaka jenereta haisikiki. Wale vijana wa jumuiya hawakucheka. Walimwandikia mkurugenzi barua kwamba msimulizi wake amenunuliwa na makampuni. Kwa hiyo miaka kumi baadaye, yalipokuja makampuni nayo kusema amenunuliwa na jumuiya, yeye alikuwa ameshazoea.

Sasa nafika pale nilipoambiwa nisifike.

Februari mwaka jana kampuni moja ya uji wa watoto ilituletea filamu yake. Ilikuwa na sauti ya Kiswahili tayari, muziki mzuri, na mtoto mnene anayecheka. Ilisema uji wao wa boksi ni “nguvu ya nafaka tupu”. Kampuni ilikubali kutupa projekta mpya kwa sharti moja, nalo liliandikwa: filamu ioneshwe kwa kina mama vijijini na msimulizi asiongeze neno. Viongozi wetu walitia saini.

Nataka msomaji aelewe tulikuwa tunaambiwa nini. Sisi kina mama tunaonyonyesha, wengine hatukufika mbali na skuli, tunakaa mbele ya shuka na kuamini, kwa sababu miaka yote aliyesimama pale alikuwa Bi Thuwaiba. Kampuni haikuja kununua saa moja ya sinema. Ilikuja kununua imani hiyo, akinyamaza yeye tuone amekubali. Na mimi mwenyewe nilikuwa nampa binti yangu Mardhiya uji huo huo kwa karibu miezi miwili, maana maboksi yalijaa ofisini na mwenye njaa hachagui. Nilikuwa nakoroga na bismillahi juu yake.

Tukaenda kijijini Charawe. Mwakilishi wa kampuni alikuwepo na maboksi ya kugawa. Filamu ikaisha. Bi Thuwaiba hakusema, “Haya, niulizeni.” Hakusema kitu. Alichukua boksi moja, akaligeuza ubavu, akampelekea Bi Mwatum Usi, mkulima wa mwani ambaye pia anasomesha watoto Kurani chuoni. Bi Mwatum hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Lakini boksi lilipitia Uarabuni kabla ya kufika kwetu, na ubavu mmoja orodha ya vilivyomo ilikuwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo Bi Mwatum amezifundisha miaka arubaini.

Alilisogeza boksi mbali na macho, akalisogeza karibu. Mstari wa kwanza ulikuwa unga. Akaweka kidole mstari wa pili, akaanza kama anavyowasomesha watoto wake. “Sini,” alisema. Wanawake wote wakajibu, “Sini!” “Kafu.” “Kafu!” “Ree.” Akanyanyua uso. “Sukari! Ya Rabbi, ya pili kutoka juu sukari, na hawa wanatwambia nafaka tupu?” Akamgeukia mwakilishi. “Baba, shikamoo yako nimeiitikia hapa na marahaba nikakupa. Sasa nambie, mjukuu wangu wa miezi saba nnamfanyia harusi hata nimpe kashata?”

Yule mwakilishi alianza kueleza kwamba orodha hupangwa kwa wingi, kilicho kingi kikitangulia. Alidhani anajitetea. Halafu akajisikia mwenyewe anachokisema.

Bi Thuwaiba hakuwaambia watu wasinunue. Hakuitukana kampuni. Sharti lilisema asiongeze neno, na hakuongeza neno. Baada ya wiki mbili alipewa barua ya “kuvuruga uhusiano na mfadhili”, na mwanzoni mwa Mei akaondolewa kwenye usimulizi, akapelekwa stoo kuhesabu nyaya. Mwanamke aliyesimama kando ya shuka miaka ishirini na nane akawa anaandika: waya mrefu kumi na mbili, waya mfupi saba. Miezi kumi na minne! Na mimi nauliza, tena nauliza kwenye karatasi hii ambayo wakubwa wataisoma wakiwa wamevaa nguo nzuri: aliongeza neno gani? Lipi? Aliyesoma ni Bi Mwatum. Aliyeandika sukari kwenye boksi ni kampuni yenyewe. Kama ukweli wa ubavuni mwa boksi lako unakuharibia biashara, wa kuhesabishwa nyaya si Bi Thuwaiba.

Yeye stoo hakulia wala hakununa. Aliipanga ikawa haijawahi kuwa na mpango ule. Kilichomuuma ni kingine. Mwezi wa Machi mwaka huu ilitoka taarifa kwamba akistaafu, nafasi ya msimulizi itafutwa kabisa, kwa kuwa filamu za siku hizi zinakuja na sauti ya Kiswahili. Siku ile ndiyo pekee niliyomuona amekaa juu ya sanduku la projekta, mikono kapakata. “Salhiya,” aliniambia, “filamu yenye sauti inasema. Nani atakayesikiliza watu wakiuliza?”

Waliomjibu walikuwa wa Charawe. Asiyejua kazi yetu atadhani tunaonesha sinema usiku. Bi Thuwaiba aliuacha usiku zamani, kwa sababu mama mwenye mtoto mchanga hatoki. Sisi tunaonesha alasiri, ndani ya darasa, na madirisha yanazibwa kwa kanga za wenyeji wenyewe, kila mwanamke na yake. Bila ya kanga, jua linaingia na picha haionekani. Basi mwezi wa Aprili gari lilikwenda Charawe na filamu ya uji kwa mara ya pili, bila msimulizi. Wanawake walikuja wote, wakakaa kwenye majamvi, wakasalimia vizuri. Lakini kanga zilibaki mabegani. Mkuu wa msafara akaomba, akabembeleza. Bi Mwatum akamjibu, “Kanga zetu ziko tayari, mwanangu. Tunamsubiri wa kumuuliza.” Waliiendesha filamu dakika arubaini kwenye shuka jeupe, hapaonekani hata yule mtoto mnene. Wiki ile ile Pete wakafanya hivyo hivyo, na Kizimkazi, kwa Bi Kazija, hawakufunguliwa hata mlango wa darasa.

Tarehe 2 Juni kamati ya viongozi wetu ilikaa tena. Filamu ya uji imerudishwa kwa wenyewe pamoja na projekta yao. Nafasi ya msimulizi imebaki. Barua ya makosa bado imo kwenye faili la Bi Thuwaiba, na mimi naomba hadharani itolewe kabla ya Jumatatu, asije mtu aliyetulinda akaondoka na doa lisilo lake.

Ameacha madaftari mia na sita ya usimulizi, vijana wawili wanaoweza kuendesha projekta bila kuunguza taa, na vijiji ambavyo mwanamke akinunua kitu hukigeuza ubavu kwanza. Mwana wake Shamsi anasema nyumbani Jang'ombe ameshamtayarishia kiti cha barazani. Sijui atakikalia kwa muda gani.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai tunakwenda Charawe na filamu mpya ya mbegu. Msimulizi ni mimi, kwa majaribio ya miezi mitatu. Nimeitazama mara tatu, na ya nne kwa hofu. Nimemuomba Bi Thuwaiba aje akae mbele pamoja na kina mama, na nikisema uongo, wa kukusudia au wa kutojua, anikatize mbele za watu. Lile la kuja alisema atafikiri. Lile la kunikatiza alilikubali papo hapo.

Bi Thuwaiba, ahsante kwa sauti yako, na ahsante zaidi kwa siku ile uliyonyamaza. Mwenyezi Mungu akupe afya, macho ya kusomea herufi ndogo, na umri mrefu wa kutuuliza sisi maswali. Nenda kapumzike kwa heri na furaha, mama yetu.