Tundu la Sita la Bado Tupo

Asalaam aleikum ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Ufukoni, na wenzetu wa dini nyingine tunawasalimu kwa heshima, mimi ni Rajabu, mdogo wake marehemu kwa baba na mama, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu kabla hatujamswalia, naomba mnivumilie, kwa kuwa haya nimeyaandika asubuhi hii jamvini huku watani wakininyang'anya kalamu.

Marehemu Hashimu Athumani Nandonde, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Vidole, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji cha Msimbati, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Athumani Nandonde, mkulima wa mihogo na korosho, na mama yetu Tatu, aliyefariki mwaka 1971 na kuzikwa hukohuko Msimbati, na kaburi hilo nalitaja mapema kwa sababu tangu siku ile kaka alisema, na akaendelea kusema mpaka ulimi wake ulipokuwa mzito, kwamba popote atakapofia arudishwe akalale kando ya mama.

Alisoma Kurani chuoni kwa mwalimu wa kijiji, kisha akaingia shule ya msingi hapohapo kijijini mwaka 1966 na kumaliza mwaka 1972, akisifiwa kwa hesabu na kuchapwa kwa mwandiko, na mwaka 1975 alikwenda Mikindani kwa mzee Abdulhussein, mfanyabiashara aliyekuwa na duka na malori ya kubebea korosho, akaanza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, akaishia kuwa fundi aliyekabidhiwa gereji nzima.

Tarehe 20 Aprili 1984 alimuoa Bibi Nuru binti Hamisi, msukaji wa mikeka ambaye hakuna nyumba katika mtaa huu isiyolalia kazi yake, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto wawili, Fatuma aliyezaliwa mwaka 1985 na Athumani aliyezaliwa mwaka 1988, na baadaye wajukuu watano.

Sasa naomba niseme habari za lile lori lililosimama hapo nje, maana huwezi kumsimulia Vidole ukaliacha. Mwezi Oktoba 1991, korosho zikiwa zimejaa maghalani na kila mtu ana haraka, marehemu alikuwa akifunga plagi ya silinda ya sita, ambayo tundu lake liko nyuma kabisa, limebanana na kabini, mkono wa mwanamume hauingii ukageuka, naye badala ya kuizungusha kwanza kwa vidole akaikaza kwa spana, plagi ikaingia upande na kuzitafuna nyuzi zote za tundu, yaani ile mikato ya kushikia plagi, na mzee Abdulhussein alipoitwa aone alishika kiuno akasema, "Hashimu, umeniulia gari, basi lichukue wewe ukalizike." Silinda hedi nyingine, yaani kile kichwa cha injini chenye matundu ya plagi, haikupatikana Mtwara wala Dar es Salaam, na kaka, ambaye hakuwa mtu wa kuachia neno lipite bure, alilichukua kweli, akalivuta kwa kamba mpaka hapa uani.

Alilipanua lile tundu, akakata nyuzi mpya kubwa zaidi, akapachika humo bushi ya chuma yenye nyuzi zake kwa ndani za kushikia plagi, akaliwasha mbele ya majirani kwa mbwembwe zote, na lilipofika Naliendele plagi na bushi vilifyatuka pamoja vikagonga boneti kwa ndani, abiria wakaruka chini wakidhani ni risasi, akarudi kwa miguu, na barazani kwenye kahawa wakamwita fundi wa bunduki. Kosa alilijua mwenyewe, kwamba ile tapu ya kukatia nyuzi aliianza kwa mpini na nguvu badala ya kuiongoza kwa ncha za vidole mpaka isimame wima, basi akairudia kazi yote upya, kwa ukaidi uleule mnaoujua, na safari hiyo bushi ilikaa zaidi ya miaka thelathini, boneti ikabaki na kibonyeo chake mpaka leo, na juu ya kioo cha mbele akaandika Bado Tupo.

Tangu hapo mtu yeyote mwenye tundu la plagi lililokufa alielekezwa kwake, awe ametoka Kitaya au Tandahimba, na hakuna aliyeondoka hapa bila kuambiwa, "Vidole kwanza, spana baadaye," hata aliyekuja kuuliza njia tu.

Tarehe 9 Februari 2023 alipatwa na kiharusi, akapoteza nguvu za mkono wa kulia na sehemu kubwa ya maneno, na mwezi Agosti 2024, lori likiwa limeazimwa, fundi mmoja wa kazi za harakaharaka, ambaye hatutamtaja, aliikaza plagi ile ya sita mpaka bushi ikazunguka na kutoka na nyuzi zake. Kwa silinda tano Bado Tupo liliweza kujikokota kwenye lami, lakini mchanga wa Msimbati silinda tano haziuwezi, na kaka alilielewa hilo kabla yetu sote. Athumani alimwambia kwa upole, "Baba, usijisumbue, siku ikifika tutakodi gari," naye akakisukuma chakula pembeni na kutamka maneno mawili tu, "Lori langu." Tulimwona mkaidi, na wengine tukasema ni maradhi yameingia kichwani.

Bibi Nuru hakusema hivyo, bali alifunga kanga kiunoni akamwambia, "Mikono si ninayo? Wewe elekeza, mimi nizungushe," akapanda kwenye kigoda na kuingiza mkono pale nyuma, na mkono wake mwembamba wa kusukia ukili ukaingia na kugeuka mahali ambapo wanaume tulikuwa tukichubuka. Marehemu aliketi karibu na gurudumu, kiganja cha kushoto kwenye bati la lori, akigonga mara moja aendelee na mara mbili arudishe, na Bibi Nuru aliipaka tapu grisi ili chenga za chuma zinase zisidondokee ndani ya silinda, akaizungusha kidogo, akairudisha, akaitoa, akaifuta, akaipaka tena, majirani wakipita na kuchungulia ukutani wakicheka. Bushi ya kwanza ilikaa upande, Bibi Nuru akamwomba kwa machozi waiache hivyohivyo, kaka akagonga mara mbili, toa, mkewe akaitoa, wakaanza upya. Tarehe 2 Novemba 2024 injini iliwaka kwa silinda zote sita, na kaka yetu akalia kwa sauti, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu siku ya mama, na mke wake akamfuta uso kwa mkono uliojaa grisi.

Siku chache baada ya Idi hali yake ilibadilika, akalazwa katika hospitali ya mkoa, na jana Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, baada ya adhuhuri, akaitikia wito wa Mola wake, mkewe akiwa amemshika mkono wa kushoto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Ufukoni, wakiwemo waliocheka ukutani, mafundi wenzake waliofunga gereji zao leo, na ndugu Shahzad, mtoto wa marehemu mzee Abdulhussein, aliyekuja kutoka Mikindani na sanda ya kumsitiri, na watani wetu mliolala mbele ya magurudumu mkidai kwamba Vidole hajaaga, tumewasikia, ila spana mliyoificha irudi kabla ya swala.

Bibi Nuru yuko ndani, ameanza eda yake, hatatoka nje ya mlango huu, wala hatafika makaburini, na najua hilo linamuuma kuliko yote, kwa sababu usiku wa kuamkia leo aliniuliza nani atakayekuwa naye njiani. Shemeji, jibu lako nalisema hapa mbele ya watu wote, utasikia injini ikiwashwa, hesabu silinda zake, ya sita ni mikono yako, na hiyo ndiyo itakayomvusha mchanga mpaka kwa mama yetu.

Kaka Hashimu, tunakupeleka ulikotaka, kwa gari ulilotaka, nawe sasa ondoa kiganja chako kwenye bati, kazi imekaa wima. Pumzika kwa amani.