Risala ya Shule Yenye Kibao Chekundu

Imesomwa na mwalimu wa darasa la kwanza, kwa niaba ya walimu, wazazi na wanafunzi, siku ya mahafali ya darasa la saba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Elimu. Mwalimu mkuu wetu. Wajumbe wa kamati ya shule. Wazazi na walezi. Na ninyi wahitimu ambao hata leo mmetutoa jasho kwa kukataa kukaa kwa mistari:

Mgeni rasmi, karibu sana. Tunajua ratiba yako ilivyobana, na tunajua zipo shule zilizokualika zenye ukumbi, feni na viti vya kuegemea. Wewe umekuja huku, chini ya turubai la kuazima. Baadhi yetu walisema hutakuja. Tuliosema utakuja, leo tunatembea kifua mbele. Ulipoingia getini watoto wa darasa la pili walikuvamia na kukushika mikono. Utuwie radhi. Walikuwa wamefundishwa wimbo, wakausahau.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, shule hii ilianza ndani ya ghala la kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, wafanyakazi walibaki kwenye nyumba zao za chumba kimoja kimoja, na watoto wao hawakuwa na shule ya karibu. Wazazi wakaomba ghala, wakajenga kuta za kuligawa, wakatafuta walimu. Ndiyo maana mlango wa darasa la nne ni mpana kama wa kupitisha lori, na kuufungua kunahitaji watu wawili.

Miaka mitatu iliyopita ulipoletwa utaratibu wa kuzipanga shule kwa rangi, kijani, manjano na nyekundu, kulingana na wastani wa mtihani wa darasa la saba, sisi hatukuupinga. Mzazi ana haki ya kujua anampeleka mwanawe wapi. Zipo shule ambako mwalimu aliingia darasani siku aliyojisikia, na vibao vile viliwaamsha. Mjadala ulikuwa mkali, kama unavyokumbuka: redioni, saluni, kwenye foleni ya maji. Wengine walisema mtoto hapimwi kama gunia. Wengine wakauliza, asipopimwa tutajuaje kama anasoma au anashinda kwenye dawati tu? Tuliwasikiliza wote na kuona kila upande una lake la kweli. Mwaka wa kwanza tukapewa kibao cha manjano. Tukakifunga getini, tukaendelea na kazi.

YALIYOTUPATA

Mwaka wa pili, muhula ulipoanza tu, tukaanza kupokea wageni. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake, binti mrefu aliyekuwa akitazama viatu vyake. Mwalimu mkuu wetu, ambaye hapa wakubwa kwa wadogo wanamwita Mwalimu Taratibu, alimpokea mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mjukuu wangu. Kule alikokuwa wameniambia nimtafutie shule inayomfaa."

"Kwani kule hakumfai kwa nini?"

"Hawakusema. Waliniita ofisini, wakanikaribisha kiti, wakanipa chai. Nilipoiona chai nikajua kuna neno."

Binti alikuwa ameandikishwa darasa la saba. Tulipompa kitabu, hakuweza kufika mwisho wa sentensi. Miaka sita alikaa nyuma ya darasa la watoto wengi, kimya, hana usumbufu, na hakuna aliyemuuliza kitu. Aliulizwa tu wastani ulipoanza kuhesabiwa.

Hakuwa peke yake. Kufikia katikati ya mwaka, darasa letu la saba lilikuwa na watoto kumi na mmoja wa namna hiyo. Hatutaji walikotoka. Vibao vya huko ni vya kijani, na vinang'aa.

Mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye ndiye anayekusomea hapa, alimwomba yule binti aje kila mchana asome pamoja na wadogo. Siku ya kwanza alikataa.

"Mwalimu, magoti yangu hayaingii chini ya dawati."

Tukamletea kiti. Wadogo wakampa jina, Dada Mkubwa, wakawa wanagombania kukaa karibu naye. Alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, huku wao wakimsahihisha bila kumcheka, maana wenyewe walikuwa palepale alipo. Siku moja akasoma ukurasa mzima, akanyamaza.

"Endelea," mtoto wa pembeni yake akamwambia.

"Umeisha."

"Basi rudia."

Akarudia. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hakuna mtoto pale aliyejua kwamba kuna jambo limetokea. Mwalimu alijua. Akageuka, akajifanya anafuta ubao.

Mgeni rasmi, ulipofika wakati wa kusajili watahiniwa, alikuja mshauri wa shule kutoka ofisini kwenu. Ni kijana mwenye adabu na tunamheshimu, na tunaomba neno hili lisimwendee vibaya, kwa sababu alikuja kutuokoa. Alifunga mlango, akamwambia mwalimu mkuu:

"Mwalimu, nazungumza kama mdogo wako. Hawa waliohamia, si lazima wafanye mwaka huu. Warudishe darasa la sita. Au siku hiyo waugue. Watoto huugua."

"Wote kumi na mmoja?"

"Kuna mafua siku hizi."

Akatueleza bila kuficha: wakiwemo, tutakuwa wekundu. Wasipokuwemo, huenda tukapata kijani. Shule ikiwa nyekundu miaka miwili mfululizo huunganishwa na nyingine, na mkuu wake hushushwa cheo. Mwalimu Taratibu akamshukuru, akamsindikiza hadi getini, kisha akatuita sote kwenye chumba cha walimu.

Akasema, "Cheo changu kiacheni nje ya mazungumzo haya. Nikishushwa nitarudi darasani, na darasani si jela. Semeni ninyi."

Aliyefungua kinywa ni mwalimu wa hesabu, mtu asiye na masihara, ambaye mwaka ule alifundisha mpaka Jumamosi.

"Mimi naitaka kijani," alisema. "Nimeitaka mwaka mzima, na nina hasira kuikosa kwa ajili ya watoto ambao sikuwafundisha mimi. Lakini kuna mtu itabidi amwite yule binti, amwambie asije siku ya mtihani. Mimi siwezi. Kama kuna anayeweza, anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Tukawasajili wote.

Hatutakudanganya kwamba ulitokea muujiza. Tulipata nyekundu, na wengi wa wale kumi na mmoja hawakufaulu. Dada Mkubwa pia hakufaulu. Siku matokeo yalipobandikwa alikuja na bibi yake, akalitafuta jina lake, akalisoma, akasoma na alama. Tukamsogelea tukiwa na maneno ya kumfariji, lakini alitutangulia.

"Maswali yote niliyasoma, mwalimu," akasema. "Mengine nilikosea kujibu. Lakini yote niliyasoma."

Wiki iliyofuata wazazi waliitisha mkutano. Uliwaka moto. Baba mmoja alisema tunawatoa watoto wake kafara ya huruma zetu. Mama mmoja akauliza kwa nini tulipokea watoto ambao wenzetu waliwakataa, kana kwamba sisi ndio jaa la taka. Hatuwezi kusema walikosea kuuliza. Kisha akasimama fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye anaheshimiwa sana mtaani. Wakati huo alikuwa na watoto wawili hapa: wa kiume darasa la sita, mwepesi wa kila kitu, na wa kike darasa la kwanza, mwenye kigugumizi.

"Vibao vya shule zote za eneo hili nimevichomelea mimi," alisema. "Kijani, manjano, nyekundu, chuma ni kilekile na mkono ni huuhuu. Kwa hiyo kibao hakinitishi. Linalonitisha ni kwamba mwanangu mwakani anafanya mtihani, na huko mbele watauliza ametoka wapi. Siwezi kumchezea kamari."

Watu wakacheka kidogo kwa lile la chuma. Yule bibi akajibu akiwa ameketi.

"Hata mimi wangu sikumchezea kamari, baba. Ila wa kwangu walimtoa kwenye mchezo kabla sijaulizwa."

Fundi hakubishana naye. Alimpa shikamoo, akaketi. Lakini wiki ileile alimhamisha mwanawe kwenda shule yenye kibao cha kijani, na familia kadhaa zikafuata. Hatukuwalaumu. Ingekuwa ni watoto wetu, baadhi yetu tungefanya hivyohivyo.

Jumatatu yake tukashangaa kumwona fundi getini, amemshika mkono binti yake wa darasa la kwanza, mtoto amevaa sare yetu.

"Huyu humhamishi?" Mwalimu Taratibu akamuuliza.

Fundi akatazama chini.

"Kaka yake ana mbio, mwalimu, nimempeleka kwa wanaokimbiza. Huyu anataka mtu wa kumngoja amalize neno lake. Kule niliuliza. Wakaniambia wataangalia." Akamwachia mkono. "Ninyi mnangoja."

"Karibu, fundi," mwalimu mkuu akasema, akampokea mtoto begi.

Mgeni rasmi, tumelizungumza jambo hili mara nyingi tukiwa tunasahihisha madaftari. Baba huyu anawapenda watoto wake wote wawili. Amempeleka mmoja kwenye kijani na mwingine amemwacha kwenye nyekundu, na tunaamini hakukosea kwa yeyote kati yao. Kijana anaendelea vizuri sana huko aliko, na anapopita hapa bado anaingia kutusalimu. Sasa, ikiwa mzazi mwenye akili timamu ameona shule zote mbili ni nzuri, kila moja kwa mtoto wake, rangi zile zilikuwa zinampa habari gani?

TUNACHOJIVUNIA

Yapo mambo machache. Hakuna mtoto anayevuka darasa la pili hapa bila kujua kusoma, isipokuwa tuliyemwona mapema na tunaye mkononi. Mwaka jana, pamoja na wekundu wetu, wanafunzi sita waliingia shule za sekondari zinazogombaniwa. Utoro umepungua, na sababu mojawapo ni wale wageni kumi na mmoja: mtoto aliyewahi kuambiwa aondoke, akipokelewa mahali, hakosi siku.

Dada Mkubwa siku hizi anafanya kazi kwa mama mmoja mwenye tanuri la mikate, mtaa wa nyuma ya shule. Anapokea oda za wateja na kuziandika mwenyewe. Mwezi wake wa kwanza aliandika kwa chaki kwenye kipande cha mbao: LEO KUNA MIKATE YA MOTO. Tulisikia habari hizo wakati wa mapumziko, tukatoka walimu wote, na mwalimu wa hesabu mbele, tukaenda kukisoma kipande kile. Hatukuwa na njaa.

TUNALOOMBA

Hatuombi vibao viondolewe. Tunaomba mtoto apimwe alipoanzia na alipofikia. Aliyekuja hajui kusoma akaondoka anasoma, ahesabiwe safari aliyotembea, na shule iliyotembea naye ihesabiwe pia.

Tunaomba pia kwamba mtoto akihamishwa akiwa darasa la saba, alama zake zirudi kwenye shule iliyokaa naye miaka sita. Tunaamini siku utaratibu huo ukianza, kina bibi watapungukiwa na chai ofisini.

Ombi la tatu Mwalimu Taratibu alilifuta tulipomwonyesha risala hii asubuhi. Tumelirudisha alipotoka kwenda kukupokea, na sasa hivi anatutazama kwa jicho ambalo wanafunzi wake wanalijua. Tunaomba asiondolewe. Mengine yote yaliyoandikwa hapa tunaweza kuyasubiri.

Na tunaomba uje siku nyingine bila kutuarifu, siku ambayo hakuna turubai wala wimbo. Ukae kwenye kiti nyuma ya darasa lolote, kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho.

MWISHO

Mgeni rasmi, wahitimu unaowaona mbele yako wamemaliza mtihani wao wiki tatu zilizopita, na matokeo bado. Mwaka huu waliohamia kwetu wakiwa darasa la saba walikuwa kumi na wanne. Mshauri alikuja tena, akafunga mlango tena, akasema kama alivyosema mwanzo, na safari hii sauti yake ilikuwa na huzuni. Sisi tunajua kuhesabu. Tunajua rangi itakayotoka, na tunajua utaratibu unasemaje kuhusu shule yenye nyekundu mbili.

Siku ya mtihani tuliita majina asubuhi. Kila jina liliitikiwa.

Mungu akupe afya na moyo wa kuamua. Awalinde watoto wako na wa wenzako popote wanaposoma. Nasi atupe nguvu ya kuamkia darasani kesho, tukiwa hapa au popote tutakapopelekwa.

Ni sisi, walimu, wazazi na wanafunzi wa shule ya ghalani.