Shetani Hanyonyeshi: Maisha ya Kasian Kalinga, Mkaguzi wa Nyama na Mchoraji

Ndugu waombolezaji wa Mbalizi, nanyi mliosafiri kutoka Iringa, familia imemtuma Didas Kalinga, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya kaka yake, na humu atajitaja kwa jina kama wengine, maana anahusika.

Marehemu Kasian Kalinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1912, Tosamaganga, Iringa, akasoma shule ya misheni toka mwaka 1921 hadi 1928, mwaka 1931 akaajiriwa na idara ya mifugo, na mwaka 1938 akahamishiwa Mbeya, akakagua nyama machinjioni hapa Mbalizi kwa miaka ishirini, wala hatujasikia mtu aliyeugua kwa nyama yenye mhuri wake.

Tarehe 4 Julai 1936 alifunga ndoa na Tekla, wakajaliwa watoto wawili, Liberatus, ambaye Mungu alimtwaa akiwa mchanga, na Juliana, aliyezaliwa mwaka 1943, yule aliyeketi kando ya mama yake.

Mwaka 1951 Mzee Selemani wa dukani alimfungia sukari kwa karatasi ya gazeti, nayo ilikuwa na picha ya kiumbe wa sayari nyingine, kichwa kama mtungi, shingo kama kijiti, marehemu akacheka hadi akakaa chini, akisema shingo ile haibebi kichwa kile, na tumbo la kuweka chakula liko wapi. Tangu hapo akawa anachora viumbe wake mwenyewe, akianza na mifupa, kisha nyama, ngozi mwisho, wala hakumaliza mnyama kabla hajajua anakula nini, anapumuaje, na kinyesi chake kikoje.

Mwaka 1954 Didas, akiwa mgeni nyumbani kwake, alifungua daftari akakuta mnyama wa miguu sita, mifupi na minene kwa kuwa huko kwao kila kitu ni kizito maradufu, mwenye matundu ya pua kwenye mbavu kwa kuwa hewa ni haba, naye akaona shetani, akalipeleka daftari kwa wazee wa kanisa, nao wakamvua marehemu kazi ya kufundisha katekisimu, aliyoipenda kuliko mshahara wake. Kaka hakugombana, alisema tu, "Mdogo wangu, umeona wapi shetani ananyonyesha?" maana chini ya tumbo la mnyama yule palikuwa na mtoto, na Didas kwa haraka zake hakumwona. Hakurudishiwa darasa lile hadi mwisho, na Didas hakumwomba radhi, aliona aibu.

Novemba 1957 marehemu alianza kuugua kifua, akalazwa mara tatu, akafariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 1958, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kuteka maji, na wenzake wa machinjioni waliombeba.

Jana wazee wa ukoo waliamua daftari lizikwe naye, ili mikosi imfuate, Didas akanyamaza, na kunyamaza ni kukubali, hivyo limo jenezani, chini ya mikono ya marehemu. Sasa anamwomba fundi Timotheo asipigilie misumari kwanza, Juliana aje alichukue daftari la baba yake, na mwenye neno aje kwa Didas, asimguse mtoto.

Kaka, nisamehe. Pumzika kwa amani.