Fundi wa Vinanda na Kibandiko cha Mzigo

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa vinanda, aliyetutoka Jumatano ya wiki iliyopita. Alikuwa haoni. Narudia, alikuwa haoni, lakini sauti moja ya kinanda ikipotoka, aliinasa kama mwalimu anavyomnasa mtoro.

Macho yake yalikuwa mbwa, jina lake Bawabu. Mbwa wa kazi, kafundishwa kuongoza mtu. "Huyu ana vyeti kunishinda mimi," fundi alipenda kusema.

Miaka mitatu nyuma, kaka yake mkubwa alikuwa hoi kitandani, akamwita. Fundi akapigia simu shirika la ndege: nina mbwa wa kuniongoza. Wakamjibu, njoo naye. Njoo naye, walisema wenyewe. Siku ya safari, kwenye kaunta, maneno yakageuka.

"Mzee, mbwa anakwenda chini na mizigo."

"Mwanangu, macho yangu unayapeleka kwenye mizigo?"

"Ndiyo utaratibu."

"Basi nibandike na mimi, twende wote."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Binti wa kaunta alishafunga kibandiko cha mzigo kwenye mshipi wa Bawabu. Akaitwa mkubwa, mkubwa naye akamwita mkubwa wake. Simu huku, fomu kule. Ndege ikaondoka.

Fundi akapanda basi siku mbili, Bawabu kajikunja miguuni pake, na hakuna abiria aliyeguna. Akafika. Kaka kazikwa jana yake.

Kile kibandiko hakukitoa. Kila Jumatatu alikwenda nacho ofisi ya shirika kudai jibu. Kila Jumatatu aliambiwa: linashughulikiwa.

Binti yake anasimulia: "Nilimwambia, Baba, achana nao, utajipa presha bure. Akanijibu, mama, kinanda hakijirekebishi. Unagonga pale pale mpaka sauti ikae."

Sasa fundi hayupo, na jibu halijaja. Jumatatu hii binti alimtoa Bawabu kunyoosha miguu tu. Mbwa akakata kona mwenyewe, akaingia ofisi ile, akaketi mbele ya dirisha la malalamiko. Karani akainua kichwa.

"Mzee yuko wapi leo?"

Binti na familia yote, poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Na wewe uliye nyuma ya kaunta yoyote, kabla hujatamka "utaratibu", mtazame kwanza aliyesimama mbele yako.

Kibandiko kingali kwenye mshipi. Binti anasema Jumatatu ijayo watakwenda tena.