Kumuaga Kapteni Solfrid: Maneno ya Abiria Mwoga

Mheshimiwa Meya wa Manispaa ya Lyngvær, Bibi Torbjørg Nesheim, Ndugu Meneja wa Uwanja wetu, Asbjørn Lervik, Mchungaji wetu mpendwa, marubani na wahudumu wa ndege mliotoka bara kwa ajili ya shughuli hii, wafanyakazi wa mnara, wa mizigo na wa zimamoto, ambao katika uwanja huu ni watu walewale waliobadilisha makoti, Bi Jorunn wa mgahawa, ambaye namwomba aendelee kumimina kahawa bila kunitazama kwa jicho hilo, majirani zangu, mke wangu Gunvor, na wewe, Kapteni Solfrid Breivoll, unayeivua leo kofia ya urubani uliyoivaa tangu nywele zako zilipokuwa za dhahabu: habari za mchana.

Kwa ninyi wageni msionijua, naitwa Eilert Mostad. Nimeandika kitabu cha kuwaongoza wasafiri katika viwanja vya ndege vya Ulaya, vile vikubwa vya kimataifa na hivi vyetu vidogo vya mikoani, kitabu ambacho kimechapishwa mara kadhaa na ambacho, kwa maneno ya mchapishaji wangu, husomwa zaidi na watu waliokwama. Nimemweleza msafiri apate wapi supu ya moto Helsinki, na kule Lisbon ajilaze wapi bila mkono wa kiti kumchoma mbavu. Nimemwonya kwamba uwanja ukibeba jina la mji mkubwa asikimbilie kufurahi, amuulize kwanza dereva wa basi mji wenyewe uko wapi. Nimemfundisha kwamba mlango wa ndege yake utakuwa daima ule wa mwisho, baada ya duka la mwisho la manukato. Je, iko kona ya ukumbi wa kusubiria barani humu ambayo sikuikalia? Labda chache. Na je, katika kazi yote hiyo nilipanda ndege ngapi?

Naona majirani zangu wameanza kucheka kabla sijajibu. Sikupanda hata moja.

Ndiyo, wageni wetu, mmesikia sawasawa. Nilikwenda kwa meli, kwa basi na kwa treni. Nikifika uwanjani nilinunua tiketi ya bei ya chini kabisa, nikapita kwenye ukaguzi, nikavua mkanda na viatu kama wenzangu, nikazunguka ukumbi mzima, nikala, nikapima ulaini wa viti, kisha nikamwendea ofisa wa mlangoni na kumwambia kwamba nimeghairi safari. Katika mji mkuu mmoja, ambao kwa heshima sitautaja, ofisa wa usalama alinikalisha chini. "Mzee," akaniambia, "hii ni mara ya nne. Unaingia, unakunywa supu, unatoka. Hebu niambie ukweli, unatafuta nini hapa?" Nikamjibu, "Supu." Akaguna, akaniachia. Supu yenyewe ilikuwa nzuri kweli, na nimeisifu katika kitabu.

Mke wangu Gunvor, yeye huruka. Maisha yetu ya ndoa yamekuwa maisha ya kupokeana katika kumbi za kuwasili, yeye ndiye mwenyeji na mimi ndimi mgeni. Tulipokwenda Ugiriki kusherehekea miaka ya ndoa yetu, alifika, akaungua na jua, akapona, ndipo na mimi nikafika. Watu waliniuliza, kwani huoni aibu? Naona. Lakini aibu, ndugu zangu, haijawahi kuanguka kutoka mawinguni.

Basi ilikuwa Februari, mwaka juzi. Gunvor alikuwa jikoni akikwangua magamba ya samaki, nikasikia kisu kimeanguka. Nilimkuta ameketi sakafuni, ameshika kifua, uso mweupe kama mnofu wa chewa. Ndege ya wagonjwa ilikuja, ikampeleka hospitali kubwa ya Tromsø. Mimi nilisimama pale nje, kwenye uzio, nikiona machela ikiingizwa. Muuguzi aliniambia kuna nafasi moja ya jamaa wa mgonjwa. Gunvor alinitazama, akaona nilivyoung'ang'ania uzio, akasema, "Mwacheni. Huyu atakuja na meli yake." Kisha akaniambia mimi, "Nenda nyumbani ukamalize kukwangua wale samaki, wasiharibike. Tutaonana nikishachoka na uji wa hospitali."

Nikaenda nyumbani. Nikakwangua samaki. Nawaomba mniwazie kidogo katika hali hiyo: mwanamume mzima, bingwa wa viwanja vya ndege vya Ulaya yote, mke wake yuko angani na yeye yuko na magamba mpaka kwenye viwiko.

Meli ilikuwa iondoke kesho yake asubuhi. Haikuondoka. Mnaukumbuka ule mchafuko wa bahari. Hata upepo ulipotulia, mawimbi yalikataa kutulia, meli zote zikafungwa bandarini, na vivuko pia. Nilikwenda gatini kila baada ya muda kuulizia, mpaka mkuu wa gati akaniambia, "Eilert, bahari haijali umeuliza mara ngapi." Mchana daktari akapiga simu. Moyo wa Gunvor ulikuwa umechoka kuliko walivyodhani, na wangempasua kesho yake asubuhi. Daktari alinena kwa upole sana, na upole wake ndio ulionitisha. "Bwana Mostad," akasema, "kama unapenda kumwona kabla hajaingia, ingekuwa vizuri ufike leo."

Nikaja hapa. Pale mnapoiona ile meza ya keki ndipo nilipokaa, na kibegi mapajani. Sasa lazima niwaeleze wageni kwamba katika kitabu changu nimeandika juu ya uwanja huu sentensi isemayo: "Kahawa ya Lyngvær inafaa kwa kung'olea kutu." Bi Jorunn ameibandika ukutani, mnaiona, na watalii wanapiga nayo picha, lakini siku ile alikuwa hajaisamehe. Alinijia na kikombe, akakitua mbele yangu kwa kishindo.

"Kunywa," akasema. "Tuone kama una kutu."

Kisha akauona uso wangu. Alivuta kiti, akakaa karibu nami mpaka ndege ilipotua, na mgahawa ukabaki bila mtu wa kuhudumia. Bi Jorunn, siku ile kahawa yako niliimaliza yote. Ladha yake siibadilishii kauli, lakini niliimaliza.

Niliingiaje ndani ya ile ndege? Sijui. Nadhani nilisukumwa na Asbjørn, ambaye alikuwa amevaa koti la mizigo, na pengine aliona kusukuma mizigo ni haki yake. Nilikaa pembeni ya bwana mmoja mkubwa kama mlango wa zizi, mfugaji wa kondoo, jina lake Audun, yule pale nyuma, hamwezi kumkosa. Alikuwa amepakata keki ya krimu ya ngazi tatu, anampelekea dada yake siku ya kuzaliwa. Wakati wa kuruka niliyafumba macho na kushika kitu. Baadaye niliambiwa ni sikio la Audun.

Ndege zetu, kama mnavyojua, haziendi moja kwa moja. Hurukaruka pwani kama kunguru anayekagua mapipa ya taka. Tukatua Grindvik, kushusha abiria na kupakia wengine. Mlango ulipofunguliwa tu, nilijikuta nje. Naapa sikukata shauri. Miguu ndiyo iliyokata. Nikakimbia hadi kwenye jengo la abiria na kuingia chooni. Sasa, choo cha Grindvik nimekisifu kuliko vyote vya kaskazini ya Stockholm. Nimeandika kwamba kina joto, kina ndoano ya kutundikia koti, na mlango wake hufunga kwelikweli. Yote hayo, mabibi na mabwana, niliyathibitisha siku ile.

Nikakaa juu ya kifuniko. Nikasikia abiria wakiitwa kwenye kipaza sauti. Nikasikia jina langu. Kisha nikasikia viatu, na mlango ukagongwa.

"Mzee Eilert." Ilikuwa sauti yako, Kapteni. "Ni Solfrid. Najua umo humo, maana kwingine kote hapa kuna baridi."

"Nendeni," nikasema. "Mimi nitatafuta basi."

"Barabara ya milimani imefungwa kwa theluji. Hakuna basi."

"Basi nitakaa hapa."

"Ni choo kizuri," ukasema. "Nimesoma ulivyokiandika. Lakini nina abiria wanangoja, na upepo umeanza kugeuka. Sina muda wa kukubembeleza."

Hapo likanitoka neno ambalo sikuwa nimemwambia mtu, wala sikulijua mimi mwenyewe mpaka niliposikia sauti yangu ikilisema. Nilisema, "Solfrid, sasa hivi hata sifikirii kuanguka. Ninachoogopa ni nikifika nimkute amekwisha kwenda. Nikikaa hapa, bado yuko."

Nilitegemea utaniambia hatakufa, kama wanavyosema watu. Nilitegemea utaniambia kuhusu injini na uzoefu wako na takwimu za usalama, ambazo mimi mwenyewe nimeziandika katika sura ya pili. Badala yake ukasema:

"Hilo la Gunvor silijui. Mimi ninachokijua ni njia ya kwenda Tromsø. Na itatikisika, sikudanganyi. Hata mimi nitakaza mikono. Sikuombi uache kuogopa, mzee wangu. Ogopa. Lakini njoo uogopee ndani ya ndege yangu."

Nikafungua. Ulikuwa umesimama na kofia mkononi, theluji imekujaa mabegani. Hukunishika mkono. Ulitangulia, nikafuata.

Kule ndani hakuna aliyelalamika. Bibi mmoja alikuwa amenishikia mkanda wa kiti usianguke chini. Audun akaniambia, "Nimekulindia nafasi. Sikio lingine ni hili hapa, zamu yake." Tukaruka. Na kweli ilitikisika! Mabwana marubani mliopo mnaijua ile njia kati ya milima. Pale ndege haikuruka, ilipigwa makofi. Nililia kwa sauti, bila kificho. Tulipotua Tromsø niligundua kwamba mkono wangu wa kulia umezama kwenye keki ya krimu mpaka kifundoni, na umekaa humo muda mrefu. Nikaanza kuomba radhi. Audun akaitazama keki, akanitazama mimi.

"Wahi kwa mkeo," akasema. "Dada yangu mwenyewe hapendi krimu."

Nikafika hospitali. Gunvor alikuwa macho, nyaya zimemzunguka kama nyavu. Aliniangalia, akaangalia dirishani, akaona bahari ilivyochafuka.

"Umekuja na meli gani?"

"Nimeruka," nikasema.

Akauliza kwa wasiwasi wa kweli, "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukuona."

"Eilert, usinidanganye mtu wa kupasuliwa. Na hiyo mkononi ni nini?"

"Krimu."

Nikamsimulia. Nilipofika kwenye choo cha Grindvik alicheka mpaka mashine zikalia, na muuguzi akanitoa nje. Lakini kabla sijatolewa alinivuta koti, akauweka mdomo sikioni pangu, na alichoniambia hakiwahusu Meya wala Mchungaji. Asubuhi walimwingiza. Nilikaa katika ukumbi wa kusubiria wa hospitali, mimi mjuzi wa kumbi zote za kusubiria, na sikuona kiti, wala dirisha, wala kahawa. Mchana daktari akatoka, akavua kofia yake ya kijani, akatabasamu.

Gunvor yule pale, mstari wa mbele. Anakula andazi la mdalasini la tatu, ambalo daktari amemkataza, na ananionyesha kwa mkono kwamba hotuba imekuwa ndefu.

Tangu wakati huo nimepanda ndege mara kadhaa. Je, woga umekwisha? Haujaisha hata chembe. Natoka jasho, nashika masikio ya watu. Msomaji mmoja kutoka Ubelgiji aliketi karibu nami, akaniomba nimtilie sahihi kitabu, na sahihi hiyo inaonekana kama njia ya panya. Lakini nafika siku ileile anayofika mke wangu, na nimegundua, katika uzee huu, kwamba Ugiriki siku ya kwanza ni nchi nyingine kabisa.

Nimalizie. Wiki iliyopita nilimwendea Kapteni nyumbani kwake, nikamwambia, "Solfrid, umewabeba wagonjwa, mabibi harusi, majeneza, na umewabeba mawaziri. Yuko meya, yuko mchungaji, wapo marubani wenzako. Kwa nini umeomba nihutubu mimi?" Alikuwa anapaka rangi boti yake. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Kwa sababu wale watanisifu mimi, na mimi sitajua nitazame wapi. Wewe, Eilert, utajizungumzia mwenyewe."

Kapteni, nimetii amri. Nimejizungumzia mpaka kahawa imepoa. Lakini kuna wakati abiria hukaidi, na wewe kwa sasa huna kofia ya kuniamuru. Kwa hiyo simameni kwa heshima yake, tafadhali, nyote mliowahi kufikishwa na mwanamke huyu mahali ambapo mtu alikuwa anawangoja.

Kapteni Solfrid, inua uso. Tazama hapa. Ukumbi mzima umesimama.

Ahsanteni sana, wapendwa, kwa subira yenu na kwa masikio yenu.