Nyota Iliyokosa Maelezo: Kumuaga Mama Seline Apondi

Ifikapo tarehe 30 Septemba 2025, Bi. Seline Apondi Oyugi atakuwa amekitumikia Chuo Kikuu cha Sergoit kwa miaka ishirini na minane. Alipoingia kwa lango letu mwaka 1997 akiwa karani wa takwimu, tulikuwa na wanafunzi elfu moja na mia mbili, na barabara ya lami iliyoishia kwenye kantini. Anatoka akiwa Afisa wa Takwimu. Wanafunzi sasa ni elfu kumi na nne, na lami bado inaishia kwenye kantini.

Lynette, mhariri wa jarida hili, aliniomba mimi, mhadhiri wa Fizikia, kurasa mbili za kuchangamsha, kwa kuwa zitasomwa ukumbini Ijumaa watu wakiwa na chai na keki mkononi. Visa vya kuchekesha vipo na nitavitoa. Lakini kwa miaka minane nimekuwa na jambo la Mama Apondi ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu, na sioni nafasi nyingine itakayokuja. Lynette anisamehe.

Kwa wale wageni, kazi yake ilikuwa hii. Kila baada ya miaka miwili, kuanzia 1999, alizunguka chuo kizima akigawa fomu ya kuuliza kama ufundishaji unathaminiwa hapa kwetu. Fomu ilikuwa na maswali kumi na mawili, na kila jibu lilikuwa namba moja hadi tano, unazungushia duara ile unayoitaka. Ndiyo sababu wengi wenu mnamwita Mama Duara. Maswali kumi yalitoka kwa wakubwa. Mawili aliyaandika mwenyewe, la tatu na la nne. La tatu: kufundisha vizuri kuna umuhimu kiasi gani kwako wewe? La nne: unadhani kuna umuhimu kiasi gani kwa chuo chako? Kila idara ilipewa ukurasa wake katika ripoti, wenye wastani wa majibu hayo mawili, na tofauti kati yao aliiita pengo.

Kumkwepa ilikuwa kazi bure. Marehemu Profesa Mabonga wa Kemia aliwahi kumwona akija na katoni lake la fomu, akajificha nyuma ya kabati la maabara. Mama Apondi hakumwita. Alipitisha fomu chini ya kabati, akafuatisha biro, akavuta stuli akaketi. Baada ya dakika kumi fomu ilirudi kwa njia ile ile, imejazwa yote. "Asante, Prof," akasema, akaenda zake. Mvua za Aprili zilimkuta na buti za mpira, na nimewahi kumwona akimngoja mhadhiri nje ya choo cha wanaume, ametulia tu, biro tayari.

Hakukubali mtu aguse maneno ya wengine. Wanafunzi nao walikuwa na fomu yao, na mmoja aliandika pembeni juu ya mhadhiri wake, "Lec anajua maneno, shida hatumsikii, hall imejaa hadi kwa madirisha." Mkuu wa kitivo akataka ripoti iseme kuna changamoto za nafasi. Mama Apondi akakataa katakata. "Huyu kijana hajasema changamoto," akamwambia. "Amesema dirisha." Dirisha likabaki.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anajisumbua, na ripoti zenyewe zinaliwa na vumbi. Akacheka. "Daktari, hospitali hata dawa zikiisha, si bado wanakupima presha?" Kisha akaniambia habari za mume wake, Mwalimu Oyugi, aliyefundisha shule ya msingi kule Langas kwa miaka ishirini na mitano, darasa la watoto tisini. Siku aliyostaafu hakuna aliyekumbuka. Alifuta ubao mwenyewe, akafunga darasa, akampa bawabu ufunguo na kurudi nyumbani. Alifariki mwaka uliofuata. Mama Apondi alisimulia hayo akiwa anahesabu fomu, na hakuacha kuhesabu.

Pengo lilikuwa likipanuka. Mwaka 1999, katika idara yangu ya Fizikia, walimu walijipa 4.6 na chuo wakakipa 3.9. Kufikia 2015 walijipa 4.7, na chuo 2.6. Idara zote zilifanana. Hilo ndilo lililomsumbua kuliko kitu kingine. "Kila mtu anasema yeye anajali, ni chuo ndiyo haijali," aliniambia. "Sasa hiyo chuo ni nani?" Nilicheka, nikadhani ni utani.

Sasa nije kwenye lile jambo. Machi 2017 nilikuwa mkuu wa idara. Wakaguzi wa vyuo walikuwa wanakuja, na mkuu wa kitivo alitaka kila idara irudishe angalau fomu tisa kati ya kila kumi kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo jina la idara lisomwe mbele ya wageni. Sisi tulikuwa thelathini. Ijumaa saa sita mchana nilikuwa na fomu nne. Watu walikuwa wamechoka, wana vipindi, na wengine walikuwa wamesafiri. Ningeweza kusema tumeshindwa. Badala yake nilifunga mlango, nikachukua biro mbili, ya buluu na nyeusi, na kuanzia saa nane hadi saa kumi nikajaza fomu ishirini na sita peke yangu. Nilizungushia nne na tano, na tatu hapa na pale ili zisitie shaka. Nilijiambia ni karatasi tu.

Jumatatu Mama Apondi alikuja ofisini kwangu. Alizipanga zile fomu mezani moja baada ya nyingine, akaniuliza kwa upole, "Daktari, hizi ni za watu ishirini na sita ama ni za mtu mmoja?"

Nilimjibu kwamba ni za watu ishirini na sita.

Akanitazama kidogo. "Basi nitaziingiza," akasema. "Sina ruhusa ya kukataa form ya mtu juu ya mwandiko." Akazikusanya akatoka. Ripoti ilipotoka, ukurasa wa Fizikia ulionyesha 4.7, na chuo 4.1. Kando ya ile 4.1 kulikuwa na nyota ndogo. Chini ya jedwali nyota ilirudiwa, likafuata neno Maelezo, kisha mistari miwili mitupu.

Wakati huo alikuwapo kwetu mhadhiri kijana, Faith Jelagat, aliyekuwa na somo la mwaka wa kwanza. Wanafunzi walikuwa 312, na ukumbi ni wa watu 180. Kila mhadhara aliutoa mara mbili, bila kuombwa na mtu, ili waliobaki nje nao wapate kuingia. Sikuwahi kuwa na mwalimu mzuri kuliko yeye. Tuliomba tuongezewe wahadhiri wawili, na Oktoba hiyo tukaitwa mbele ya Kamati ya Ajira, mimi na yeye. Sauti yake ilikuwa imekauka, na mkononi alikuwa na orodha ya majina yote 312.

Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua muhtasari wa ripoti, ambao nyota haikuwemo, akasoma kwamba walimu wa Fizikia wanakipa chuo 4.1, na hakuna idara nyingine inayofika tatu. Wenye shida ni wengine, akasema, na nafasi zitaenda kwao.

"Mimi sikumbuki kuulizwa," Jelagat akasema.

"Madam, form za idara yenu zilikuwa thelathini. Na nyinyi ni thelathini."

Mama Apondi alikuwa ameketi ukutani na makabrasha yake, kwa maana karani hakai mezani. Akainua mkono. "Mwenyekiti, hiyo mwaka iko na nyota."

"Nyota ya nini?"

Mama Apondi na Jelagat wote wawili walinitazama. Nilikuwa na kikombe cha chai mbele yangu. Nikakoroga sukari ambayo ilikuwa imeshayeyuka kitambo.

"Maelezo hayajaletwa," Mama Apondi akasema, na kamati ikaendelea na ajenda iliyofuata.

Tukanyimwa. Desemba Jelagat aliniletea barua ya kujiuzulu, yenye mistari mitatu, akaiweka mezani bila kuketi. Siku hizi anafundisha shule ya sekondari ya wasichana upande wa Cheptiret. Kati ya wale 312, wanafunzi 140 walianguka somo lile. Nililichukua mimi muhula uliofuata, na sikulifundisha mara mbili.

Miaka ikaenda. Ripoti ya 2019 ikatoka, na ya 2021, na ya 2023, kila moja ikiwa na jedwali la miaka yote iliyotangulia, na kila mara nyota iko pale pale na mistari yake miwili. Kule kwenye kantini watu walikuwa wakimtania. Mama Duara, mwaka huo ulikuwa wa Krismasi? Naye anacheka nao. Oketch wa Hisabati aliwahi kumwambia aifute kwa sababu inachafua jedwali. Mimi nilikuwa meza hiyo hiyo, na nikacheka kama wengine. Naona aibu kuliandika hilo kuliko hata zile fomu.

Machi mwaka huu alinijia kwa mara ya mwisho, na buti zake. Mjue kwamba ofisi yake inafungwa pamoja naye. Kuanzia Januari maoni yatakusanywa kwa simu, unabonyeza tu. Fomu hiyo mpya nimeiona. Ina maswali ishirini, yanayouliza juu ya intaneti, kantini, ulinzi na maegesho ya magari. Swali la tatu na la nne hayamo. Chumba chake kitakuwa stoo ya viti.

Nilipokea fomu yangu. Swali la nne nilizungushia moja, bila kufikiri. La tatu nilizungushia tano, kama nilivyofanya tangu nilipoajiriwa, kwa sababu nani hajali kufundisha? Mama Apondi alikuwa amesimama dirishani akiningoja. Nikaitazama ile tano kwa muda, nikaikata, nikazungushia mbili. Nadhani hilo ndilo jibu la kweli pekee nililowahi kumpa.

Kisha nikamuuliza mbona hakunishtaki.

"Niliahidi watu jina halitajulikana," akasema. "Hiyo ahadi haikusema isipokuwa Daktari."

"Na nyota?"

"Nyota ni yangu, niliweka kwa sababu roho ilikataa. Maelezo si yangu. Hiyo nimekuachia mistari miwili."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika. Ripoti yake ya mwisho inajalidiwa Jumatatu ijayo, tarehe 29, kisha inawekwa maktaba, na hakutakuwa na nyingine. Akiwa ameniomba kitu kimoja tu katika miaka minane yote, na hata hicho hakukiomba kwa kinywa, nimempelekea maneno haya asubuhi ya leo, na nimeyanakili hapa ili yasiishie maktaba peke yake:

* Fomu ishirini na sita kati ya thelathini za Idara ya Fizikia mwaka 2017 zilijazwa na mtu mmoja, Dkt. Wilson Kipyego, mkuu wa idara wakati huo. Namba ya kweli ya mwaka huo haijulikani.

Aliyasoma akiwa amesimama, miwani ikiwa imeshuka puani. Akaniambia nimezidisha mstari kidogo lakini utaingia.

Najua kuna watakaosema hapa si mahali pake, na huenda kesho nikaitwa kujieleza. Niitwe. Nimemwandikia Jelagat pia. Hakujibu barua hiyo, na sikutarajia ajibu. Alichofanya ni kumpigia Mama Apondi simu na kumwambia kwamba Jumanne, siku yake ya mwisho kazini, atafika, kwa ajili yake na si kwa ajili yetu.

Mama Apondi, kwa niaba ya wafanyakazi wa Sergoit, asante kwa miaka ishirini na minane, kwa katoni, kwa biro tulizokuibia, na kwa kutuuliza tena na tena swali ambalo hatukutaka kulijibu. Chuo ulichokuwa unakitafuta kilikuwa ni mimi. Tunakuombea afya njema na siku nyingi za kupumzika kule Pioneer, kati ya wajukuu na sukuma wiki zako, bila fomu hata moja.

Na hiyo Jumanne jioni, ukishafunga ofisi, usiende kwa bawabu na ufunguo peke yako. Utungoje mlangoni.