Mama Matone na Karatasi ya Mlango wa Friji

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, yote katika wodi ya wazazi na watoto njiti, muuguzi wetu wa chumba cha maziwa anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Jina lililo kwenye kitambulisho chake wengi tumelisahau. Akina mama walimbatiza Mama Matone, nasi tukafuata mkumbo. Kamati ya jarida imeniomba niandike mimi, mtu wa lishe, kwa kuwa ofisi zetu zimetenganishwa na ukuta mwembamba, na kwa miaka yote hiyo nimesikia kila alichosema, pamoja na yale aliyokuwa akinisema mimi.

Alipoanza kazi, chumba cha maziwa kilikuwa stoo ya mashuka. Aliomba viti, pazia na friji. Viti alivipata upesi. Pazia alilishona mwenyewe kwa shuka lililochanika. Friji ilichelewa mno, hadi daktari mkuu wa wakati ule akawa anamkwepa kwenye korido. Akimwona anatokea upande wa famasia, yeye hukata kona ya maabara kana kwamba ana dharura huko. Hatimaye friji ikaja, kuukuu, na mlango usiotaka kufungika. Mama Matone akaupiga goti, ukatii. Mpaka leo unafungwa kwa goti.

Sikuja hapa kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa hiyo niseme na alipoteleza, maana mwenyewe huwasimulia wauguzi wote wapya. Wiki ile ile friji ilipofika, alikuta maziwa ya mama mmoja yamejitenga kikombeni: juu utando mzito, chini maji yenye rangi ya samawati. Akadhani yamekatika. Akayamwaga yote kwenye sinki. Yalikuwa ni jasho la asubuhi nzima la mama ambaye mtoto wake, aliyezaliwa kabla ya wakati, alikuwa akilishwa kwa mrija wa puani. Daktari wa watoto alipomweleza kwamba ni mafuta tu yaliyopanda juu, na kwamba kutikisa kidogo kungetosha, alilia kama aliyefiwa. Kisha akafanya jambo ambalo wengi wetu tungelikimbia: alikwenda kwa yule mama, akamwambia ukweli, akaketi naye na taulo la maji ya uvuguvugu hadi matone yalipoanza tena. Ndipo akaandika karatasi na kuibandika kwenye mlango wa friji: HAYAJAHARIBIKA. TIKISA POLEPOLE. USIMWAGE. Karatasi imebadilishwa mara nyingi kwa uchakavu, maneno hayajabadilishwa hata herufi.

Vita vyake vikubwa vilikuwa na akina bibi. Bibi wa mtoto huja na mapenzi tele na kopo la maziwa ya unga chini ya machungwa. Mama Matone aliwapekua mikoba kama afisa wa forodha, kwa heshima zote lakini bila huruma. Hakulichukia kopo, alisema lina wenye kulihitaji, na daktari ndiye wa kuwataja. Alichochukia ni kuona dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, yakiitwa machafu. Alikuwa akiyavuta kwenye bomba la sindano, anayainua dirishani yapigwe na mwanga. "Bibi yangu, hii ndiyo chanjo yake ya kwanza, na imetengenezwa nyumbani." Kisha anaeleza kwamba ndani yake mna kingamwili zinazotandaza ulinzi ndani ya utumbo wa mtoto, na chembe hai za damu nyeupe, na protini inayokamata madini ya chuma ili vijidudu viyakose.

Mimi nilisomea mambo hayo miaka mitatu, na bado mfano wake wa sukari nimeuiba na kuufundishia. Maziwa ya mama yana aina za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Sasa zimewekwa za nini? "Hizo si za mtoto, ni za wapangaji wake," angesema. Wapangaji ni bakteria wema wa tumboni. Ukiwalisha hao wakashiba na kujaza nyumba, wahuni wakibisha hodi hawapati chumba. Na mama aliyetaka kumhamisha mtoto upande wa pili upesi aliambiwa kwamba maziwa ya mwanzo hukata kiu na mafuta huja kwa wingi mwishoni, kwa hiyo asimwondoe mwenzake mezani kabla nyama haijafika. Wodi nzima ilikuwa ikicheka, na watoto walikuwa wakiongezeka uzito.

Nasi wafanyakazi hatukusalimika. Aliyethubutu kuweka soda kwenye friji ile aliikuta nje ya mlango, juani. Daktari wa usingizi amekiri kwamba tangazo la kustaafu lilimpa ahueni fulani.

Basi katika miezi yake ya mwisho kazini, mke wa mwanawe akajifungua kabla ya siku zake. Mtoto wa kike, kilo moja na ushee. Kwa kanuni zetu muuguzi hamhudumii ndugu yake, hivyo Mama Matone akahamishiwa upande wa pili wa kioo cha wodi, kwenye benchi la akina bibi, ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameliagiza. Mganga hajigangi. Yule aliyewaambia wanawake chungu nzima kwamba tumbo la kichanga ni kama gololi na matone yanalitosha, alianza kuuliza kama matone yanatosha. Alimuuliza mkwewe kama anakula. Alimuuliza kama anakunywa. Alimuuliza tena kama kweli anakula. Mkwe, binti mpole, alijibu kila swali mpaka akaanza kujibu kwa machozi, na maziwa yakawa yanagoma kutoka. Mizani ikashuka, kisha ikakwama. Niseme wazi kwamba tuliogopa. Uzito ule ulikuwa hauna akiba, na sote tulikuwa tumeshawahi kuona mizani iliyokwama inaishia wapi.

Asubuhi moja akavuka kioo. Alifungua friji, akatoa kikombe cha mkwewe, akakitazama. "Haya ni maji matupu! Mjukuu wangu atakuzwa na maji?" Na miguu yake ikawa inaelekea kwenye sinki. Muuguzi anayemrithi, mama wa watoto watatu na mwanafunzi wake mwenyewe, hakubishana. Alikipokea kile kikombe taratibu, akausukuma mlango kwa goti, ukafungika. Karatasi ikawa usoni pa Mama Matone, kwa mwandiko wake.

Aliisoma. Nilikuwa mlangoni, nikamwona akifuata maneno kwa kidole. Kisha mrithi wake akafanya kama alivyofundishwa: kwa heshima zote, akaomba kuuona mkoba. Chini ya machungwa kulikuwa na kopo.

Alicheka hadi akalazimika kushika ukuta, na kicheko kikageuka kilio, nasi tukalia naye. Halafu akafuta uso, akaenda kwa mkwewe. "Mwanangu, nisamehe. Nimekuwa bibi, nikasahau kazi." Hakuuliza swali lingine. Alimsaidia kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akamfunika, akaketi pembeni akimenya machungwa. Hakuna aliyehimiza chochote. Kufikia jioni kikombe kilikuwa kimejaa kuliko siku zote.

Tangu hapo mizani ilianza kupanda, kidogo kidogo, bila haraka. Juzi daktari wa watoto alitaka kumpima mara ya mwisho kabla ya kumruhusu. Mama Matone akafumba macho na kuniomba nisome mimi. Nilivaa miwani, nikasoma, nikarudia kwa sauti ili korido isikie. Nafikiri wodi nzima ilishusha pumzi kwa pamoja. Yeye alikaa chini sakafuni, na sare yake nyeupe, akasema Mungu ni mwema, halafu akatukemea kwamba tunampigia mtoto kelele.

Alitaka kuondoka na ile karatasi kama kumbukumbu. Mrithi wake amekataa katakata. Akampa karatasi mpya na kalamu, aandike nyingine. Mkwe anatuambia kwamba sasa imebandikwa kwenye friji ya jikoni kwao, maneno yale yale, na mstari mmoja wa nyongeza chini yake: BIBI, HII INAKUHUSU WEWE.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya wale waliopita hapa wakiwa wadogo kuliko mkate na leo wanavaa viatu vikubwa kuliko vyetu, tunasema asante. Tunakuombea usingizi mrefu, mjukuu mnene na siku zenye amani. Nenda nyumbani, Mama Matone. Mlango tutaufunga kwa goti.